MBIO ZA MAGARI KATIKATI YA JIJI? KWANZA MTUONESHE NJIA

Najua nimepotea humu karibu wiki tatu. Msinilaumu. Kulikuwa na majaribio mawili, kulikuwa na asaimenti ya saikolojia ya elimu yenye majina ya watu saba lakini iliyofanywa na watu wawili, na bumu likachelewa, kwa hiyo hata bando la kuingilia humu lilikuwa la kuomba. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira. Shika chai yako, kaa vizuri.

Ugomvi ulianzia kimbwetani, pale chini ya miti, Jumatano jioni. Kaka mmoja wa uhandisi (simtaji, anajijua) alitoa hotuba kwamba Dar imelala. Eti dawa yake ni mbio za magari za mjini, Grand Prix kamili. Ifungwe Ocean Road, izungushwe mpaka Kivukoni, yawekwe mazege pembeni na majukwaa ya watazamaji, dunia nzima itatuona kwenye televisheni. "Barabara ipo, bahari ipo, mnangoja nini?" Watu wakagonga meza. Mwingine akadakia kwamba Afrika haijaandaa Formula 1 tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993, na kwamba Desemba 2024 Rais Kagame alitangaza palepale Kigali kuwa Rwanda inaomba nafasi hiyo. Basi ikawa nongwa: majirani wanatupita, sisi tumekaa tunatoa fotokopi.

Mimi nikauliza swali moja tu. Nani atalipa?

Nikajibiwa mbele ya watu wote: "Dada mwalimu, wewe rudi kwenye maandalio yako ya somo. Haya ni mambo ya biashara. Itajilipa yenyewe."

Itajilipa yenyewe. Hiyo sentensi nimelala nayo siku tatu.

Kabla hamjaanza kuniita mshamba, niseme wazi kwamba mimi mbio hizi nazipenda. Kwenye bloku yetu mimi ndiye kichaa pekee anayeamka Jumapili asubuhi kuangalia magari wakati wenzangu wanapiga pasi nguo za kwenda kanisani. Machi 16, 2025 nilikuwa macho saa 1 kamili asubuhi kwa saa zetu, simu nimeiegemeza kwenye ndoo, mbio za Melbourne zikianza kwenye mvua. Kijana Isack Hadjar, mbio zake za kwanza kabisa, akaligonga gari ukutani kwenye mzunguko wa kupasha matairi moto, hata filimbi haijapigwa. Nilisikia uchungu kama vile nimemzaa mimi. Mwisho Lando Norris akamshinda Max Verstappen kwa chini ya sekunde moja. Bando liliisha mizunguko michache kabla ya mwisho, matokeo nikayapata kwa meseji. Kwa hiyo msiniambie sielewi utamu wake. Naujua vizuri, na ndiyo maana nimekwenda kuutafuta uchungu wake. Na uchungu wake uko hukohuko Melbourne.

Melbourne kuna bustani ya umma inaitwa Albert Park, ukubwa wake ni kama hekta 225, haiko mbali na katikati ya jiji. Ina ziwa lenye bata maji weusi, ina viwanja vya mpira, ina uwanja wa gofu, ina njia za watu kukimbia asubuhi. Barabara za kuzunguka ziwa ni za kawaida kabisa, siku za kazi watu wanapita humo na magari yao polepole. Lakini mara moja kwa mwaka zinageuzwa kuwa sakiti ya kilomita 5.278, na siku ya Jumapili magari yanaizunguka mara 58. Siyo jambo geni kabisa pale, kwa sababu hata mwaka 1956 Stirling Moss alishinda Grand Prix ya Australia kwenye bustani hiyohiyo. Baadaye zikasimama, bustani ikarudi kwa wenyewe.

Kuanzia 1985 hadi 1995 mbio hizo zilikuwa Adelaide, nazo zilikimbizwa kwenye barabara za mjini. Desemba 1993 waziri mkuu wa jimbo la Victoria, Jeff Kennett, akiwa na mfanyabiashara Ron Walker, wakatangaza kwamba wamezichukua. Mazungumzo yalifanyika kimyakimya, wananchi wakapewa habari kitu kikiwa kimeshaiva. Mwaka 1994 ikatungwa sheria maalumu ya mbio. Soma hapa polepole: sheria ile iliziweka mbio nje ya sheria kadhaa za mazingira na za mipango miji, na ikawafungia watu mlango wa kudai fidia kwa serikali. Yaani kama nyumba yako iko jirani na maisha yako yanavurugwa, pole.

Wakazi hawakunyamaza. Waliunda kikundi chao, Save Albert Park, wakafunga vitambaa vya njano kwenye miti na kwenye nyumba zao, wakalala chini mbele ya mashine, mamia wakakamatwa na polisi. Wengi wao hawakuwa wahuni wa mitaani. Walikuwa majirani tu, wakiwemo wazee wastaafu. Machi 10, 1996 mbio zikafanyika vilevile, Damon Hill akashinda, na dunia ikakumbuka zaidi lile gari la Martin Brundle lililopaa hewani na kukatika vipande viwili, mwenyewe akatoka mzima na kukimbia kwenda kuchukua gari la akiba. Picha nzuri sana za televisheni. Vitambaa vya njano havikuonekana sana.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hilo ndilo somo langu la kufundishia.

Mwaka ule wa kwanza hasara iliyobebwa na umma ilikuwa ndogo, haikufika dola milioni 2 za Australia. Mtu angeweza kusema ni gharama ya kuanzisha, duka jipya lolote huanza hivyo. Lakini duka likishazoeleka si linatakiwa kupunguza hasara? Hili likaenda kinyume. Kwa mbio za mwaka 2023, mchango wa serikali ya jimbo ulivuka dola milioni 100. Mwaka 2024 ukavuka tena. Hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 150 za kwetu, kwa wikendi moja! Na ninaposema wikendi sizungumzii mbio zilizokosa watu. Mwaka 2025 walitangaza watazamaji 465,498 kwa siku nne. Uwanja umejaa mpaka pomoni, tiketi zimekwisha, na bado mwananchi anatoa milioni mia.

Kaka yangu wa uhandisi, naomba unijibu hapo. Kama watu karibu laki tano hawajatosha kuzifanya mbio zijilipe zenyewe, Ocean Road utaleta wangapi?

Sababu yake siyo uchawi. Kwanza, jiji linalotaka Formula 1 ndilo linalolipa ili mbio zije. Kuna ada ya kuandaa, inalipwa kila mwaka kwa wenye mashindano, na kwa kawaida mkataba unakuwa siri. Pili, pesa kubwa ya matangazo ya televisheni na mabango ya pembeni inakwenda kwa wenye mashindano. Mwandaaji wa mjini anabaki hasa na tiketi. Tatu, sakiti ya mjini siyo kitu kinachojengwa mara moja. Kila mwaka yaletwe mazege, nyua, majukwaa, madaraja ya kuvukia na mahema ya matajiri, yafungwe, halafu yafunguliwe tena. Ni kama kujenga ukumbi wa harusi kila ukitaka kuoa, halafu unauvunja, na mwakani unaoa tena.

Hapo ndipo watetezi wanapoleta jibu lao kubwa: usiangalie mlangoni, angalia mjini. Hoteli zinajaa, teksi zinapata abiria, migahawa inauza, jiji linatangazwa. Nitatenda haki, hoja hii ina uzito. Melbourne inaishi kwa matukio makubwa, ina tenisi yake, ina farasi wake, na watu wake wengi wanajivunia. Hata serikali za vyama tofauti zimekuja na kuondoka, na zote zimeongeza mkataba, sasa umefika mpaka 2037. Sidhani kama wote hao ni wapumbavu.

Lakini kuna mtego ambao hata mwanafunzi wa kidato cha pili nikimwekea kwenye mtihani atauona. Pesa iliyozunguka siyo pesa iliyopatikana. Chukua bumu langu. Siku likitoka, nikila chipsi kuku kwa shangazi wa getini elfu nane, shangazi amepata elfu nane. Kweli. Lakini kama nisingekula kwake ningekula kantini. Kampasi nzima haijatajirika hata senti, elfu nane imehama meza tu. Mkazi wa Melbourne anayenunua tiketi ya mbio angeitumia pesa hiyo kwingine mjini mwake. Wa kuhesabu ni yule aliyekuja kutoka mbali kwa ajili ya mbio tu, asingekuja vinginevyo, na kutoka kwenye alichoacha lazima utoe alicholipa mwananchi. Mwaka 2007 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Victoria alifanya kazi hiyo kwa mbio za 2005. Akaweka faida upande huu na gharama upande huu. Jibu lake: jimbo lilipata hasara ya dola milioni 6.7. Na hiyo ni enzi ambayo mchango wa serikali ulikuwa mdogo kuliko wa sasa.

Hata idadi ya watu yenyewe imekuwa ugomvi wa miaka mingi. Wale wa vitambaa vya njano walikuwa wakisimama milangoni na kuhesabu vichwa wenyewe, kwa sababu takwimu zilizotangazwa zilikuwa makadirio. Tena ile "laki nne na ushei" ni jumla ya siku nne. Mtu mmoja akienda siku zote nne anahesabiwa mara nne. Siyo uongo, lakini ukiisikia harakaharaka kwenye taarifa ya habari unadhani ni umati wa siku moja.

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilikuwa na kanuni moja ubaoni: JIBU BILA NJIA, HAKUNA MAKSI. Watoto walinichukia wiki ya kwanza. "Lakini mwalimu, si jibu ni sahihi?" Nikawaambia sijui kama ni sahihi, sijui mmenakili wapi, nionesheni mlivyofika hapo. Sasa hivi ndivyo serikali na waandaaji wa mbio za mjini wanavyotufanyia. Wanatupa jibu, "faida kubwa kwa uchumi." Njia iko wapi? Ada ni siri. Mkataba ni siri. Ripoti ya mshauri aliyelipwa na wao wenyewe inatolewa kwa muhtasari. Mtoto wa kidato cha pili akileta hivyo anapata sifuri, mkubwa akileta hivyo anapigiwa makofi kimbwetani.

Na kuna walipaji wengine ambao hawaandikwi kwenye hesabu yoyote. Mbio ni siku nne, lakini kufunga na kufungua vitu kunachukua wiki nyingi, na katika wiki hizo bustani haiko huru. Klabu za michezo zinahamishwa, njia zinafungwa. Wale watu wenye bendera wanaosimama pembeni ya barabara kuokoa madereva ni wa kujitolea. Machi 4, 2001 mmoja wao, Graham Beveridge, aliuawa baada ya gari la Jacques Villeneuve kumpanda kwa nyuma Ralf Schumacher na gurudumu kupenya kwenye uwazi wa uzio. Alikwenda pale kwa mapenzi yake. Na mwaka 2020, Ijumaa Machi 13, mashabiki wakiwa wamejipanga nje ya mageti, mbio zikafutwa kwa sababu ya korona. Majukwaa yameshasimama, mazege yameshapangwa, gharama imeshaingia. Mambo yakiharibika, bustani ndiyo inayobaki na mazege.

Mtaniuliza, wewe binti wa ualimu, bustani ya Australia inakuhusu nini? Sawa. Niwaambie kilichoniuma.

Shule niliyofanyia mazoezi (siitaji, na wahusika siwataji) ina uwanja mmoja. Mmoja tu, kwa watoto zaidi ya elfu moja. Wiki yangu ya tatu pale tukaambiwa kwenye paredi kwamba uwanja umeazimwa siku tatu kwa ajili ya tamasha, wageni wakubwa watakuja, na shule "itafaidika." Hakuna mwalimu aliyeulizwa. Malori yakaingia uwanjani mvua imetoka kunyesha. Wakachimba mashimo ya nguzo. Muziki ulianza mchana nikiwa nafundisha milinganyo, nikaandika ubaoni tu maana sauti haikufika hata dawati la pili. Siku tatu zikaisha, wakubwa wakaondoka. Walituachia mifereji ya matairi, vizibo, chupa zilizovunjika, na mashimo yaliyojaa maji. Kijana wangu mmoja wa kidato cha kwanza, winga mzuri sana, alikanyaga chupa wiki iliyofuata. Nyuzi sita. Nilimshika mkono mwenyewe zahanati. Alikuwa halii, alikuwa ananiuliza, "Madam, mechi ya Ijumaa nitacheza?"

Nilipouliza shule ilifaidika nini, nikaambiwa mambo hayo yako juu yangu. Mpaka namaliza mazoezi mashimo yalikuwa yamefukiwa na watoto wenyewe, kwa majembe ya kutoka nyumbani kwao.

Kwa hiyo nikisikia "itajilipa yenyewe," naliona lile shimo. Naona kitu cha wote kinaazimwa na wachache, bila aliyeulizwa na bila karatasi. Melbourne angalau wana mkaguzi wa hesabu aliyeandika hasara waziwazi. Wana wananchi waliohesabu vichwa mlangoni kwa miaka. Wana magazeti yanayochapisha mchango wa serikali kila ripoti ya mwaka ikitoka. Pamoja na yote hayo, bili imepanda kutoka chini ya milioni 2 hadi zaidi ya milioni 100. Kwetu sisi, bili itapanda mpaka wapi? Nani atatuambia?

Sisemi mbio za mjini zisiwepo popote. Monaco walianza 1929 na maisha yao yanaendelea. Hata Afrika si mara ya kwanza, maana Durban walifunga barabara zao kwa mbio za A1 Grand Prix mwaka 2006, 2007 na 2008, halafu mashindano yenyewe yakafa 2009. Nikipewa tiketi ya Melbourne kesho nakwenda, na nitapiga kelele kuliko wote. Ninachosema ni kwamba anayetaka kuazima kitu cha umma aje na majibu matatu kwa maandishi, kabla, siyo baada. Ada ni kiasi gani na inatoka mfuko gani? Nani asiye mwandaaji atahesabu faida na hasara, na ataichapisha lini? Uwanja, bustani au barabara itarudi lini, katika hali gani, na asiporudisha analipa nini?

Kaka wa uhandisi, wewe ni mtu wa michoro. Usingejenga hata kibanda cha kuku bila mchoro. Basi usituombe tujenge Grand Prix kwa makofi. Njoo kimbwetani Jumatano na hesabu yako, mimi nitaleta chaki nyekundu. Ukinionesha njia, nakupa maksi zako zote na nakuomba radhi humuhumu. Ukileta jibu tu, unajua ninachowapa kidato cha pili.

Yule winga, mkitaka kujua, mechi ya Ijumaa hakucheza.

Naomba kuwasilisha. Maoni karibuni, matusi baki nayo. Jumatatu nina wasilisho la mbinu za kufundishia na sijaanza hata ukurasa wa kwanza, kwa hiyo mkiona kimya mjue niko maktaba. Wikendi njema.